Pikipiki ya Mtu wa Ofisini

Mkunga alipiga simu asubuhi na kutoa sharti moja tu: pikipiki isiwashwe kabla hajafika.

"Nataka niikute baridi, mama," alisema. "Baridi kabisa. Injini iliyopashwa moto mapema inaficha mengi."

Mshona mapazia alikubali, ingawa lilimkaa vibaya kidogo. Kwake yeye, kumpokea mnunuzi kulikuwa kama kumpokea mgeni: unabandika chai mapema, humngoji afike ndipo uanze kutafuta kiberiti. Hata hivyo hakugusa kitu. Aliivua tu ile pikipiki shuka lake, kipande cha pazia la maua ya zambarau kilichobaki kwenye kazi ya hoteli, akaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha akasimama akiitazama pale ilipokuwa kwenye ujia, katikati ya majora ya vitambaa na ukuta. Miezi minane sasa alikuwa akipita hapo kwa ubavu, kama mtu anayepita kwenye basi lililojaa.

Shemeji yake alifika saa tatu. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, kinyozi, na siku hiyo alikuwa amefunga duka na kuvaa shati lililopigwa pasi. Alisema amekuja ili shemeji yake asije akazungukwa akili. Wakaisukuma pikipiki mpaka uani, wakaiegemeza kwenye stendi yake karibu na karo la kufulia.

"Wewe acha maneno kwangu," kinyozi alisema. "Mimi nitataja bei. Wewe sema tu kwamba ilikuwa ya kwendea kazini na kurudi nyumbani."

"Si ndiyo ukweli?"

"Ndiyo, ndiyo." Kinyozi akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Na kweli, kwa jinsi mshona mapazia alivyojua, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mumewe alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka ishirini na zaidi. Mtaani walimwita Bwana Tai, maana hata kwenye joto la kuyeyusha mishumaa hakutoka bila tai shingoni. Pikipiki aliinunua miaka minne nyuma, kwa mkopo wa kazini, alisema, ili asisimame foleni ya basi kila siku. Saa moja kasoro robo alitoka, saa kumi na mbili jioni alirudi. Ungeweza kurekebisha saa ya ukutani kwa mlio wake. Kisha homa ya mapafu ikamchukua kwa siku sita, na saa ya ukutani ikabaki peke yake.

Mkunga alikuja kwa miguu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, na mkoba begani. Alimwamkia mshona mapazia, akamwamkia kinyozi, akampa mama pole ya msiba, kisha, bila kukaa, akaweka kiganja juu ya injini kama anayempima mtoto homa.

"Baridi," alisema, akatabasamu. "Asante, mama. Watu wengi husema ndiyo kisha wanaiwasha."

"Mimi hata kuiwasha sijui, mwanangu."

"Wewe umejifunzia wapi mambo haya?" kinyozi akauliza. Sauti yake ilionyesha kwamba alikuwa ametegemea mteja mwepesi zaidi.

"Baba yangu alikuwa fundi pikipiki. Wenzangu walichezea wanasesere, mimi nilichezea kabureta." Akatoa tochi ndogo mkobani, kitambaa, na daftari lililokunjamana. "Nyumba ninazozungukia zimetawanyika, na watoto hawana tabia ya kungoja basi. Kwa hiyo msinione mkali. Nikiharibikiwa njiani, si mimi ninayeumia."

Akaanza na karatasi. Alisoma namba kwenye kadi, kisha akapiga magoti, akafuta shingo ya fremu kwa kitambaa na kumulika namba zilizogongwa kwenye chuma. Akazitaja moja moja kwa sauti. Akafanya vivyo hivyo kwa injini. Zililingana zote, na jina kwenye kadi lilikuwa la marehemu, na barua ya mirathi ilikuwepo. Kinyozi akavuta pumzi, akamkonyeza shemeji yake.

Kisha mkunga akachomoa kijiti cha oili, akakitazama juani, akainusa. Akamwomba kinyozi akalie nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, akazungusha usukani kushoto na kulia taratibu, macho kayafumba, akisikiliza kwa mikono. Akapitisha kucha kwenye miguu ya shokapu za mbele kuona kama zinavuja. Akachunguza fremu kila mahali palipounganishwa chuma, akitafuta rangi mpya juu ya kutu ya zamani. Mshona mapazia alijikuta amevutiwa. Yeye naye ndivyo alivyokagua kitambaa dukani: hakitazami kinapong'aa, anakigeuza nyuma.

"Haijawahi kugonga," mkunga alisema. "Mwenyewe alikuwa mwangalifu."

"Mume wangu? Ah! Hata mlango alikuwa anaufunga kwa mikono miwili."

Wakacheka. Mkunga akahamia nyuma. Hapo akachukua muda. Akavuta mnyororo kwa kidole, akamulika meno ya sproketi inayovutwa nao, akaibonyeza siti kwa kiganja, mbele kisha nyuma. Akachuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya vikanyagio vya abiria, kile cha kushoto, kisha cha kulia. Halafu akarudi mbele na kutazama saa ya kilomita.

"Elfu kumi na moja na mia nne," akasoma. Akafuata waya wa saa kwa tochi mpaka chini kwenye gurudumu. "Waya umekatika zamani. Hii namba si ya kuisikiliza."

"Ni ya kazini na nyumbani tu," kinyozi akadakia. "Hapa mpaka kiwandani ni dakika kumi na tano."

Mkunga alifuta mikono. Hakuwa na sauti ya mtu anayegombana. "Kaka, mimi sisemi mmedanganya. Lakini njoo uone. Hiki kikanyagio cha nyuma kilikuwa na mistari ya mpira, sasa ni laini kama sabuni. Siti imeshindiliwa huku nyuma kuliko huku mbele, na imeshonwa ngozi mpya juu. Shokapu za nyuma zimechoka, za mbele ni nzima. Sproketi hii ni ya pili au ya tatu kufungwa." Akamgeukia mshona mapazia. "Hii pikipiki imebeba abiria, mama. Si abiria wa siku moja. Miaka."

"Haiwezekani," mshona mapazia alisema.

"Labda alikuwa akikubeba wewe?"

"Mimi sijawahi kuipanda. Hata siku moja."

Aliposikia maneno yake mwenyewe yakitua pale uani, damu ilimpanda usoni. Kama si yeye, basi nani? Miaka minne, mpaka mpira ukalainika. Wazo baya halina haja ya kubisha hodi. Liliingia, likavuta kiti, likakaa. Alimwona mwanamke asiye na sura, mikono kiunoni mwa mumewe, na tai ikipepea.

Akamtazama shemeji yake ili amkanushie. Kinyozi alikuwa akitazama karo.

"Shemeji."

"Naam."

"Wewe unajua kitu."

"Shemeji, tumalize kwanza biashara ya watu..."

"Alikuwa nani?"

"Nani, nani?" Kinyozi akashtuka kwelikweli. "Hapana! Hapana, shemeji, usifike huko. Hapakuwa na mtu." Akatoa leso, akajifuta shingo. Mkunga alianza kurudi nyuma akisema angesubiri nje, lakini mshona mapazia akamwashiria abaki. Hakujua kwa nini. Pengine kwa sababu huyu msichana ndiye pekee aliyekuwa amemwambia ukweli asubuhi hiyo.

"Kiwandani walipunguza watu," kinyozi alisema. "Miaka minne iliyopita. Ndugu yangu unga ulimwagika siku moja na wenzake kumi na wawili. Ile pikipiki haikuwa mkopo, ilikuwa ni kiinua mgongo chake. Asubuhi alikuwa anakuja dukani kwangu, anavua tai, anaitundika nyuma ya kioo, anavaa koti, anakwenda kituo cha pikipiki nyuma ya soko. Jioni ananawa, ninampitishia wembe shingoni kuondoa vumbi, anavaa tai, anarudi kwako."

Bomba la karo lilikuwa likidondosha tone, likikaa, likidondosha jingine.

"Miaka minne," mshona mapazia alisema.

"Alisema atakuambia akipata kazi nyingine. Ukapita mwezi. Ukapita mwaka. Baada ya mwaka, shemeji, utaanzia wapi?"

"Alikuwa ananiogopa?"

Kinyozi alifikiri. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hili alilipima. "Wewe kidogo. Mtaa zaidi."

Mshona mapazia alikaa kwenye ukingo wa karo. Alikumbuka jioni moja, wakiwa mezani, alipomsema kijana wa jirani aliyemaliza chuo. Amesoma kote kule, alikuwa amesema, akaishia kubeba watu mgongoni kama punda. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, akiondoa miiba kwenye samaki, polepole, mpaka samaki akawa hana mwiba hata mmoja. Alikumbuka mumewe alivyokuwa akisinzia kwenye kiti kabla ya taarifa ya habari, naye akimtania: kuhesabu karatasi kunachosha eeh! Alikumbuka siku ya mazishi. Pikipiki nyingi zilikuwa zimepangwa barabarani, na wanaume wengi wamesimama nyuma kabisa, helmeti mikononi. Alikuwa amedhani wameleta watu.

Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua iende upande gani.

"Mama," mkunga alisema kwa upole, "naweza kuja siku nyingine."

"Umeshamaliza kuikagua?"

"Bado kuiwasha na kuiendesha. Na ningependa kuijaribu na mtu nyuma, maana nitabeba watu. Wengine wajawazito. Lakini leo si..."

"Iwashe."

Mkunga akafungua mafuta, akavuta choki, akapiga kiki. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikaitika, ikanguruma, kisha ikatulia katika ule mlio wa saa kumi na mbili jioni. Mshona mapazia alishika ukingo wa karo. Mkunga alikuwa amekwenda nyuma, anatazama moshi, anaweka kiganja mbele ya ekzosi.

"Moshi msafi," alisema. "Kifua chake kizima kabisa."

"Mtu wa nyuma nitakuwa mimi," mshona mapazia akasema.

"Shemeji!" kinyozi akalalamika. "Wewe unaogopa hata ngazi."

"Wewe baki ulinde nyumba. Ulinzi unauweza, miaka minne si mchezo."

Kinyozi akaenda kufungua lango.

Alipanda kwa shida, sketi ikimbana, mkono mmoja begani kwa mkunga. Miguu yake ilitafuta vikanyagio, ikavipata, laini kama alivyosema yule binti. Wakatoka langoni. Mkunga aliendesha taratibu, akibadilisha gia na kusema maneno mafupi kwa sauti ya kujisemea: ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu inagoma kidogo. Alifunga breki ghafla mahali pasipo na watu kuona kama itavuta upande. Haikuvuta. Walipofika njia panda, mshona mapazia akamwambia sikioni, "Nipeleke nyuma ya soko."

Kituo kilikuwa kibanda cha mabati na benchi mbili. Madereva saba au wanane walikuwa wamekaa kivulini wakibishana juu ya mpira. Pikipiki ilipokaribia, mmoja wao, mwenye fulana ya njano na pengo mbele, akasimama.

"Jamani! Si ya Katibu hiyo?"

Wote wakageuka. Hawakuwatazama wanawake. Waliitazama pikipiki, kama watu wanaomwona mtu wao akitoka safari.

Mshona mapazia alishuka, akanyoosha sketi. "Mimi ni mke wake," alisema. Kisha akaongeza, "Nasikia alifanya kazi hapa."

Benchi zikaachwa wazi mara moja. Helmeti zikavuliwa. Mwenye pengo alikuja kumpa mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, shemeji. Tulifika siku ile. Tulisimama nyuma. Kinyozi alituomba tusijitambulishe."

"Mlimwita Katibu?"

"Sasa tungemwitaje? Alipofika tu, wiki ya kwanza, akaanzisha daftari la foleni. Nani kaingia saa ngapi, nani anafuata. Kabla yake hapa palikuwa ngumi tu. Fomu zetu za leseni alijaza yeye. Barua za shule za watoto, yeye. Huyu hapa," akamwonyesha kijana mrefu, "barua yake ya posa aliiandika yeye, na binti akakubali."

"Angeiandika mwenyewe asingekubaliwa hata na mbuzi," mwingine akasema, wakacheka.

"Lakini alikuwa mbishi!" sauti ikatoka nyuma. "Mvua ikinyesha, sisi tunapandisha bei, yeye hapandishi. Tulimchukia kwa hilo. Abiria wote wakawa wanamngoja yeye."

Mshona mapazia alijikuta anacheka. Huyo alikuwa mumewe kabisa, mtu wa kubishana na muuza nyanya achukue tena nyanya moja kwa sababu amezidisha.

"Na wewe tunakujua," mwenye pengo alisema. "Ni mshona mapazia."

"Mmenijuaje?"

"Ile hoteli kubwa ya barabara ya juu. Kila akipita pale na abiria anapunguza mwendo. Anamwambia abiria, unaona madirisha yale ghorofa zote tatu? Mapazia yale kashona mke wangu. Abiria amechelewa, anagombana, yeye anamwonyesha madirisha. Mimi mwenyewe alinibeba siku moja nikiwa na jeraha la mguu, naenda hospitali. Akanionyesha madirisha."

Mshona mapazia alikumbuka kazi ile: wiki tano za maua ya zambarau, vidole vimevimba. Alipomaliza alimwomba mumewe waende pamoja wakatazame kwa nje, naye akasema hana nafasi, kazi zimemzonga. Alinuna siku mbili kwa neno lile.

"Asanteni," alisema mwishowe. "Asanteni sana kwa kuja siku ile. Nilikuwa sijawapa asante."

Mshona mapazia akapanda tena nyuma ya mkunga, wakarudi. Machozi yalimtoka, upepo ukayakausha kabla hayajafika mashavuni, na hilo lilimfaa.

Uani, mkunga alizima injini, akafungua daftari. "Nitasema wazi, mama. Injini ni nzima, naitaka. Lakini shokapu za nyuma lazima nibadilishe, na mnyororo na sproketi zote mbili, na gia ya tatu fundi aitazame. Kwa hiyo bei ya pikipiki isiyo na kasoro siiwezi." Akataja yake.

Kinyozi alikuwa ameshavuta pumzi ya kubishana. "Hapo, dada, unatuumiza. Pikipiki ya mtu wa..."

"Shemeji," mshona mapazia akamkata, "usimalizie."

Akamgeukia mkunga.

"Nimekubali, mwanangu. Vyote ulivyosema vipo. Badilisha shokapu kabla hujambeba mjamzito yeyote."

"Leo hii hii nampelekea fundi."

Wakaandikiana, wakatia sahihi, kinyozi akawa shahidi kwa mwandiko wa kujipindapinda. Mkunga akamshika mama mkono, akaushikilia kidogo zaidi ya desturi. Kisha akaondoka nayo, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa kusuasua, mlio ukazidi kuwa mdogo hadi ukachanganyika na milio mingine ya mjini.

Ujia sasa ulikuwa mpana. Mshona mapazia aliupita wima, mabega mapana, akaenda kubandika chai. Aliporudi na vikombe viwili alimkuta shemeji yake bado amesimama karibu na karo kama mtoto anayengoja adhabu.

"Keti," alisema. "Sijakusamehe, lakini keti. Utaniambia yote. Anzia siku ya kwanza, na usiruke."

Kinyozi akaketi. Akakizungusha kikombe mkononi, akaanza kutabasamu kabla hajasema, na alipoona tabasamu halikatazwi, likawa kubwa.

"Siku ya kwanza? Shemeji, siku ya kwanza kidogo afe kwa woga. Abiria wake wa kwanza kabisa alikuwa bibi mmoja na kapu lake. Anamwambia kata kulia, kata kushoto, yeye anakata tu, amekazana na usukani, hata hatazami anakoelekea. Anakuja kushtuka, yuko mtaa huu. Huu huu! Bibi anasema nishushe pale, mbele ya nyumba ya mapazia, nina neno na mwenye nyumba."

"Hapa?"

"Hapa, langoni. Na wewe uko barazani na mkasi. Pikipiki yenyewe wewe ulikuwa hujaiona bado; alivuta helmeti mpaka puani. Ukatoka, ukamsalimia bibi, mkazungumza muda mrefu habari za shuka. Yeye amesimama pale, kama hatua tatu kutoka ulipo, hapumui. Bibi hana chenji. Ukaingia ndani ukamletea chenji, ukampa ndugu yangu mkononi."

Mshona mapazia aliweka kikombe chini. Alijaribu kuitafuta siku hiyo. Mabibi wenye makapu walikuwa wengi, na shuka nyingi, na chenji nyingi alizowahi kuwatolea watu.

"Nilimwambia nini?" akauliza.

"Ulimwambia asante, dereva, uende salama," kinyozi alisema. "Alipofika dukani alinisimulia mara tatu, akicheka mpaka tai inamshinda kufunga."